Uratibu: Jinsi Ubongo Unavyoongoza Mijongeo ya Macho

Ndugu mtahiniwa, katika mada ya uratibu umekwisha kusoma sehemu za jicho, sehemu za sikio, sehemu za ubongo na refleksi. Wengi huyasoma mambo hayo kama masomo manne yasiyojuana, kisha hukwama mtihani unapotaka yaunganishwe. Somo hili linayaunganisha kwa kutumia kitu kimoja unachokifanya tangu uamkapo hadi ulalapo, yaani kusogeza macho. Mifano mingi imechukuliwa katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwa sababu huko somo hili linagusa pia afya ya watu.

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili uweze:

(a) kueleza kwa nini macho lazima yasogee;
(b) kutaja misuli inayosogeza jicho na neva zinazoiamuru;
(c) kutofautisha aina tano za mijongeo ya macho;
(d) kueleza kazi ya serebra, shina la ubongo na serebela katika kila mjongeo;
(e) kueleza mabadiliko ya mijongeo ya macho yanavyosaidia kutambua maradhi ya ubongo, ikiwamo kifafa kinachotokana na lava wa tegu wa nguruwe.

1. Kwa nini macho yasogee?

Kumbuka muundo wa retina. Seli koni zimesongamana katika doa la njano, na hapo ndipo picha huonekana kwa ukali wote. Katikati ya doa hilo pana kijishimo kiitwacho fovea, ambacho huona eneo dogo sana, kama upana wa kucha mbili za dole gumba ukiunyoosha mkono. Sehemu nyingine zote za retina huona kwa ukungu, ingawa ni hodari wa kugundua kitu kinachotikisika.

Kutokana na muundo huo, ubongo una kazi mbili kuhusu macho. Kazi ya kwanza ni kuelekeza fovea kwenye kitu kinachohitajika. Ya pili ni kuizuia picha isiteleze juu ya retina pale kichwa au kitu kinapotembea. Picha ikiteleza, utaona ukungu, kama picha ya simu iliyopigwa mkono ukitetemeka. Mijongeo yote mitano utakayosoma hapa hufanya mojawapo ya kazi hizo mbili.

2. Misuli sita na neva tatu

Kila jicho limezungukwa na misuli sita iliyoshikamana na tabaka gumu jeupe la nje. Misuli hiyo huamriwa na neva tatu za kichwa: neva ya tatu, ya nne na ya sita.

- Msuli wa nje huvuta jicho kuelekea upande wa sikio. Huamriwa na neva ya sita.
- Msuli wa ndani huvuta jicho kuelekea pua. Huamriwa na neva ya tatu.
- Msuli wa juu, msuli wa chini na msuli mshazari wa chini huamriwa pia na neva ya tatu.
- Msuli mshazari wa juu huamriwa na neva ya nne.

Ili usisahau, kariri hivi: *sita ni nje, nne ni mshazari wa juu, zilizobaki zote ni tatu.*

Misuli hii hufanya kazi kwa kupingana, kama ile ya mbele na ya nyuma ya mkono wa juu. Msuli wa nje unapokaza, wa ndani hulegea. Lakini kuna jambo la ziada: macho mawili hutembea pamoja. Ukitazama kulia bila kugeuza kichwa, jicho la kulia huvutwa na msuli wake wa *nje*, na la kushoto huvutwa na msuli wake wa *ndani*. Hapo neva ya sita ya upande mmoja na neva ya tatu ya upande wa pili lazima zipokee amri kwa wakati mmoja. Amri hiyo hupangwa katika shina la ubongo, ambamo viini vya neva hizo vimeunganishwa kwa nyuzi maalumu.

*Angalizo:* Usichanganye misuli hii sita na misuli ya ndani ya jicho. Misuli ya iris hubadilisha ukubwa wa mboni, na misuli ya siliari hubadilisha unene wa lenzi. Hiyo haisogezi jicho.

3. Aina tano za mijongeo ya macho

Mwaka 1903 mwanasaikolojia wa Marekani, Raymond Dodge, aliigawa mijongeo ya macho katika aina tano. Mgawanyo unaotumika leo umejengwa juu ya kazi yake.

(i) Mjongeo wa kuruka (sakadi). Jicho huruka ghafla kutoka sehemu moja hadi nyingine. Umefika mnadani Katesh na unamtafuta mama yako katikati ya watu. Macho yako hayatelezi juu ya umati. Hurukia uso huu, kisha ule, kisha shuka lile jekundu, yakitua kidogo kila mahali. Mtu huruka macho kiasi cha mara tatu kwa sekunde moja. Hata sasa unaposoma mstari huu, macho yako yanaruka herufi kama saba hadi tisa kwa mara moja, kisha yanatua kwa karibu robo sekunde ili usome.

Tangu kitu kitokee hadi jicho kuanza kuruka, hupita takribani sekunde 0.2. Baada ya hapo mruko wenyewe ni wa kasi mno. Mruko mkubwa hupita nyuzi 500 kwa sekunde, nao ni mjongeo wa kasi kuliko mingine yote ya jicho.

(ii) Mjongeo wa kufuata. Jicho hukifuata taratibu kitu kinachotembea ili picha yake ibaki kwenye fovea. Mwindaji wa Kihadzabe katika bonde la Yaeda anayemwandama ndege kwa macho kabla ya kuachia mshale hutumia mjongeo huu. Hali kadhalika golikipa anayeutazama mpira unaobingirika kumjia. Kitu kikienda kasi kupita kiasi, jicho hushindwa kukifuata, na sakadi huingia kulirusha jicho mbele ili likifikie.

(iii) Mjongeo wa kukutanisha na kuachanisha macho. Katika mijongeo mingine yote macho mawili huelekea upande mmoja. Katika huu huelekea pande tofauti. Ukiinua macho kutoka kwenye daftari na kutazama kilele cha Mlima Hanang, macho huachana hadi yawe karibu sambamba. Ukirudi kwenye daftari, hukutana kuelekea pua. Wakati yanapokutana, mambo mengine mawili hutokea: lenzi hunenepa na mboni hupungua. Ukiulizwa jicho linavyojirekebisha kutazama kitu cha karibu, taja yote matatu.

(iv) Mjongeo wa kufidia kichwa. Kichwa kikigeuka kushoto, macho hugeuka kulia kwa kiasi kilekile, na picha hubaki mahali pake. Hii ni refleksi. Taarifa zake hutoka kwenye mifereji ya nusu duara ya sikio la ndani, ambayo imejaa majimaji. Kwa kuwa kila sikio lina mifereji mitatu iliyokaa katika pande tatu tofauti, mzunguko wowote wa kichwa hugunduliwa. Refleksi hii huanza baada ya takribani sekunde 0.01, mapema mara ishirini kuliko sakadi.

(v) Mjongeo wa kufuata mandhari. Huu hutokea mandhari nzima inapopita mbele ya macho. Ukiwa kwenye basi la Babati kwenda Singida, mwangalie abiria anayetazama nguzo za umeme dirishani. Utaona macho yake yakiifuata nguzo taratibu kwenda nyuma, kisha yakiruka mbele kushika nguzo nyingine, tena na tena. Mwenyewe hana habari kwamba yanafanya hivyo. Mjongeo huu husaidiana na ule wa kufidia kichwa, kwa sababu majimaji ya sikio huacha kutoa taarifa pale mzunguko unapoendelea kwa mwendo uleule kwa muda mrefu.

4. Majaribio matatu ya kufanya na mwenzako

*Jaribio la kwanza.* Shika kitabu hiki umbali wa sentimita 40 hivi. Tikisa kichwa kulia na kushoto, mara mbili kwa sekunde, huku ukisoma. Maandishi yanasomeka. Sasa tuliza kichwa, kisha utikise kitabu kwa kasi ileile. Maandishi yanakuwa ukungu.
*Sababu:* Kichwa kinapotikisika, refleksi ya sikio la ndani hufidia haraka. Kitabu kinapotikisika, sikio halina la kusema. Jicho linategemea mjongeo wa kufuata, ambao ni mzito kuanza na hauwezi kasi hiyo.

*Jaribio la pili.* Mwambie mwenzako apitishe macho taratibu ukutani kutoka kushoto kwenda kulia bila kufuata kitu chochote. Utaona macho yake yakiruka vipande vipande, hata akijitahidi vipi. Kisha pitisha kalamu polepole mbele yake aifuate. Sasa macho yanateleza bila kukatika.
*Sababu:* Mjongeo wa kufuata unahitaji kitu halisi kinachotembea. Hauanzishwi kwa kutaka tu.

*Jaribio la tatu.* Jitazame kwenye kioo. Tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha rudia. Hutayaona macho yako yakisogea hata mara moja, ingawa mwenzako aliye kando anayaona.
*Sababu:* Wakati wa sakadi ubongo hupunguza uwezo wa kuona kwa muda mfupi sana, ili ulimwengu usionekane ukiyumba kila jicho linaporuka.

5. Sehemu za ubongo na kazi zake

Misuli ni ileile sita na neva ni zilezile tatu kwa mijongeo yote. Kinachotofautisha mjongeo mmoja na mwingine ni mahali amri inapotoka.

*Serebra.* Sehemu ya nyuma hupokea picha kutoka kwenye neva ya optiki. Maeneo ya jirani hutambua kitu kinakwenda upande gani na kwa kasi gani, na taarifa hiyo ndiyo inayoanzisha mjongeo wa kufuata. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ina eneo linaloagiza sakadi za hiari. Eneo la upande wa kushoto hurusha macho kulia, na la upande wa kulia huyarusha kushoto.

*Ubongo wa kati.* Kwenye mgongo wake kuna vijilima viwili vya juu. Hivi hupokea taarifa za macho na pia za masikio, kisha hurusha macho kuelekea kitu kilichotokea ghafla. Honi ikilia nyuma yako, macho huanza safari kabla hujajua ni gari la aina gani.

*Shina la ubongo.* Hapa ndipo amri zote hukutana. Viini vya neva ya tatu na ya nne viko katika ubongo wa kati, na cha neva ya sita kiko chini yake kidogo, katika sehemu iitwayo ponsi. Humo pia kuna nyuroni zinazotoa mlipuko mfupi wa mipwito ya kulirusha jicho, na nyingine zinazolishikilia lisirudi katikati baada ya kutua.

*Serebela.* Umezoea kuandika kwamba serebela hutunza mizani ya mwili na kuratibu mwendo. Kwa macho kazi yake ni ileile. Hupima kama sakadi ilipita mahali pake au haikufika, ikasahihisha zinazofuata. Huufanya mjongeo wa kufuata uwe laini. Hurekebisha pia kiasi cha kufidia kichwa, na ndiyo maana mtu aliyevaa miwani mpya huona sakafu ikiyumba siku za mwanzo, kisha huzoea.

Sasa unaweza kueleza jambo linaloonekana mitaani. Pombe huvuruga kazi ya serebela. Mlevi akiambiwa afuate kidole kwa macho, macho yake hayatelezi, bali hurukaruka, na akitazama pembeni kabisa hutetemeka. Dereva wa bodaboda aliyekunywa anaweza kudai kwamba anaona vizuri. Macho yake hayawezi tena kukifuata kitu kinachotembea, hata kama herufi zilizotulia anazisoma.

6. Mfano wa swali lililojibiwa

*Swali:* Abiria anapanda mlima kutoka Dareda kwenda Mbulu. Anatazama nyumba iliyo mbali bondeni. Basi linakata kona kushoto, na nyumba inabaki kuonekana vizuri. Eleza kwa hatua jinsi uratibu huo ulivyofanyika.

*Jibu:*
1. Kichocheo: kichwa kinazunguka kushoto pamoja na basi.
2. Kipokezi: majimaji katika mifereji ya nusu duara iliyolala huchelewa kuzunguka, hivyo seli zenye vinyweleo ndani yake hupindwa. Upande wa kushoto husisimka zaidi.
3. Nyuroni hisi hupeleka mpwito hadi kwenye shina la ubongo kupitia neva ya nane.
4. Nyuroni unganishi huupeleka kwenye viini vya neva za macho.
5. Nyuroni tendaji: neva ya sita ya kulia na neva ya tatu ya kushoto.
6. Viitikizi: msuli wa nje wa jicho la kulia na msuli wa ndani wa jicho la kushoto hukaza, na misuli inayopingana nayo hulegea.
7. Mwitikio: macho yote mawili yanageuka kulia kwa kiasi sawa na mzunguko wa kichwa, na picha ya nyumba inabaki kwenye fovea.

Njia nzima ina nyuroni tatu tu mfululizo, na ndiyo sababu ya wepesi wake. Mtahini akiuliza kwa nini refleksi ni haraka kuliko tendo la hiari, huu ni mfano mzuri kama ule wa mkono na jiko la moto.

*Nyongeza:* Abiria huyohuyo akisoma simu njiani, anaweza kupata kichefuchefu. Sikio la ndani linasema mwili unatembea, lakini macho yaliyokazwa kwenye simu yanasema kila kitu kimetulia. Taarifa hizo mbili zinagongana ndani ya ubongo. Akitazama mbali nje ya basi, taarifa hupatana tena.

7. Macho na maradhi ya ubongo: mfano wa Mbulu na Hanang

Kwa kuwa kila mjongeo una njia yake, mganga akiona mmoja umeharibika na mingine ni mizima, anaweza kukisia hitilafu iko wapi. Mtaalamu wa masikio Robert Bárány alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi yake juu ya viungo vya mizani vya sikio la ndani. Kipimo kimojawapo alichokitumia ni rahisi: maji ya uvuguvugu au ya baridi hutiwa kwenye tundu la sikio, kisha macho hutazamwa yanavyotikisika.

Katika wilaya ya Mbulu iko Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955. Watafiti wa maradhi ya ubongo wamefanya kazi hapo kwa miaka mingi juu ya kifafa. Walipowapiga picha za kichwa kwa mashine ya CT wagonjwa wa kifafa zaidi ya 200, karibu mmoja kati ya kila sita alikuwa na madoa yanayoashiria vifuko vya lava wa tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2004 uliwapima nguruwe zaidi ya 700 katika vijiji vya Mbulu, na nguruwe kama 17 kati ya kila 100 walikuwa na lava hao.

*Tegu hufikaje kwenye ubongo?* Hapa watahiniwa wengi hukosea, kwa hiyo soma polepole. Kuna njia mbili, na kila moja huleta ugonjwa wake.

- Mtu akila nyama ya nguruwe yenye lava ambayo haikuiva, anapata *tegu mzima katika utumbo*. Tegu huyo hutoa mayai, na mayai hutoka pamoja na kinyesi.
- Mtu *akimeza mayai* hayo, kwa mikono isiyonawiwa, mboga au maji yenye uchafu wa kinyesi cha binadamu, mayai huanguliwa tumboni. Lava husafiri kwa damu, nao huweza kutua katika ubongo na kutengeneza vifuko.

Kwa hiyo hata mtu ambaye hajawahi kuonja nyama ya nguruwe anaweza kupata lava katika ubongo, ikiwa anaishi au anakula na mtu mwenye tegu asiyenawa mikono. Nguruwe naye huambukizwa kwa kula kinyesi cha binadamu, pale anapozurura na watu hawana vyoo.

*Macho yanaonyesha nini?* Kifuko kilicho karibu na eneo la macho sehemu ya mbele ya serebra kinaweza kuzichokoza nyuroni zake zikatoa mipwito bila mpangilio. Kumbuka kwamba eneo la kushoto hurusha macho kulia. Hivyo mshtuko wa kifafa unaoanzia upande wa kushoto mara nyingi huanza kwa macho na kichwa kuvutwa kulia, kisha mwili wote hukakamaa na kutikisika. Mambo hugeuka eneo hilo *likifa*, kwa mfano baada ya kiharusi. Likifa la kushoto, la kulia hubaki peke yake na macho huvutwa kushoto.

Vifuko vikizuia majimaji ya ubongo yasipite, shinikizo ndani ya fuvu hupanda. Neva ya sita ina safari ndefu chini ya ubongo na huumia kwa urahisi. Ikidhoofika, msuli wa nje hulegea, jicho huvutwa ndani kuelekea pua, na mgonjwa huona kila kitu viwili viwili. Mtu mwenye maumivu makali ya kichwa, kutapika na kuona viwili apelekwe hospitali bila kuchelewa.

*Hili linakuhusu vipi?* Mganga katika zahanati mara nyingi hauoni mshtuko wenyewe, kwani mgonjwa hufika ukiwa umekwisha. Aliyeuona ni dada, baba au mwanafunzi wa dawati moja. Ukishuhudia mtu akianguka kifafa, fanya haya:

1. Ondoa vitu vya hatari na moto karibu naye. Mwekee kitu laini chini ya kichwa.
2. Usimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Usimkandamize.
3. Tazama saa. Mshtuko ukipita dakika tano, au ukirudia kabla hajazinduka, apelekwe hospitali haraka.
4. Angalia macho na kichwa viligeukia upande gani *mwanzoni*, na ni mkono au mguu upi ulianza kutikisika. Iandike.
5. Mtikisiko ukikoma, mlaze kwa ubavu. Povu lake haliambukizi kifafa. Mguse na umsaidie.

Ishara moja haitoshi kuthibitisha ugonjwa, lakini maneno kama "macho yalianza kwenda kulia" humwambia mganga pa kuanzia kutafuta. Yanasaidia kuliko kusema "alianguka tu". Kifafa kina dawa, na wengi wanaozimeza kila siku hupunguza au kuacha kabisa kuanguka. Dawa za kuua tegu, hata hivyo, zisitumiwe kiholela kwa mtu mwenye dalili za ubongo. Lava wanapokufa, ubongo unaowazunguka huvimba, kwa hiyo tiba hiyo huhitaji usimamizi wa hospitali.

*Kinga:* kujenga na kutumia choo. Kunawa mikono kwa sabuni. Kuosha mboga na matunda. Kufuga nguruwe bandani. Kukagua nyama kabla ya kuuzwa. Kupika nyama ikaiva hadi ndani. Kumtibu mtu mwenye tegu.

8. Makosa ya kuepuka

- Kuandika kwamba kula nyama isiyoiva huleta lava kwenye ubongo moja kwa moja. Huleta tegu wa utumboni. *Mayai* ndiyo huleta lava.
- Kuandika kwamba sikio ni la kusikia tu. Mifereji ya nusu duara ni ya mizani na hutuliza macho.
- Kuandika kwamba macho hugeuka upande uleule wa kichwa katika refleksi ya kufidia. Hugeuka *kinyume*.
- Kusahau kwamba upande mmoja wa serebra huongoza upande wa pili.

9. Maswali ya kujipima

1. Taja aina ya mjongeo wa macho katika kila hali: (a) kusoma ubao kutoka kushoto kwenda kulia, (b) kumtazama tai anayepaa juu ya Ziwa Basotu, (c) kuhamisha macho kutoka mlimani kwenda kwenye uzi wa sindano, (d) kumtazama mwalimu aliyesimama huku ukitikisa kichwa kukataa.
2. Mgonjwa hawezi kupeleka jicho la kulia nje kuelekea sikio. Ni msuli gani na neva gani zenye kasoro?
3. Eleza kwa nini refleksi ya kufidia kichwa ni haraka kuliko sakadi.
4. Mama mmoja wa Hanang hali kabisa nyama ya nguruwe, lakini amekutwa na vifuko vya lava wa tegu katika ubongo. Eleza jinsi alivyoweza kuambukizwa, na utaje njia tatu za kukinga familia yake.
5. Kijana ameanguka kifafa. Macho yake yaligeukia kushoto mwanzoni. Mshtuko huenda ulianzia upande gani wa serebra? Toa sababu.

Majibu elekezi

1. (a) Sakadi, (b) mjongeo wa kufuata, (c) mjongeo wa kukutanisha macho, (d) mjongeo wa kufidia kichwa.
2. Msuli wa nje wa jicho la kulia. Neva ya sita ya kulia.
3. Njia yake ina nyuroni tatu tu kutoka sikio la ndani hadi misuli ya jicho, na haihitaji uamuzi wa serebra. Sakadi husubiri picha ichakatwe na retina na ubongo, kisha lengo lichaguliwe.
4. Alimeza mayai ya tegu yaliyotoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu, kupitia mikono, mboga au maji. Kinga: chagua tatu kutoka sehemu ya 7, ukianza na zile zinazozuia mayai kufika mdomoni.
5. Upande wa kulia. Eneo la macho la upande wa kulia wa serebra hurusha macho kushoto. Lilipochokozwa, liliyavuta huko.

Ukikosa zaidi ya maswali mawili, rudia sehemu ya 3 na ya 5. Kisha fanya majaribio ya sehemu ya 4 na mwenzako na umweleze kwa maneno yako kila sababu. Ukiweza kumfanya aelewe, utaweza pia kumwandikia mtahini.